Kwa Miguu kutoka Vilima vya Masasi hadi Ukingo wa Newala

Masasi imezungukwa na vilima vya mwamba mgumu, vilivyobaki vimesimama baada ya ardhi iliyovizunguka kumomonyoka kwa mamilioni ya miaka. Katika eneo hilo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, walianzisha mwaka 1876 makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Na yaliposhambuliwa na Wangoni mwaka 1882, kituo kilihamishiwa Newala, kwa Matola, mtawala wa Wayao.

Newala iko kwenye ukingo wa nyanda za juu za Wamakonde, ambako boma, yaani ngome ya utawala wa Wajerumani, lilijengwa karibu na Shimo la Mungu, bonde refu ambalo kutoka juu yake macho hufika hadi upande wa Mto Ruvuma na Msumbiji. Kwa kuwa udongo wa juu hupitisha maji ya mvua upesi, chemchemi hutokea chini ya mteremko, na kwa vizazi vingi wakazi walishuka kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Mtembeaji anayefuata mteremko huo anashauriwa kwenda wakati wa kiangazi, akiwa na maji ya kutosha na mwenyeji anayezijua njia.