Kenya: Nani bosi wa kweli? Wachujaji wa Facebook wawapeleka wakubwa wao mahakamani

Kila siku simu za watu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi zinajaa video na picha kutoka Facebook. Lakini si kila kitu kinachotumwa kinafika machoni pa watu. Video za watu wanaochinjwa, za watoto wanaoteswa, za miili iliyokatwakatwa, nyingi zinaondolewa mapema. Mashine inasaidia, lakini haitoshi. Kuna mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, akaziangalia, kisha akaamua ziondolewe.

Kuanzia mwaka wa 2019 hadi 2023, wengi kati ya watu hao walifanya kazi hiyo mjini Nairobi kwa ajili ya Afrika kusini mwa Sahara. Walitoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko, na walichuja maneno na picha kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mwajiri wao kwenye karatasi hakuwa Facebook. Alikuwa Sama, kampuni ya Marekani yenye makao San Francisco, inayofanya kazi za teknolojia kwa niaba ya kampuni kubwa za dunia. Leo wafanyakazi hao ni maadui wa wakubwa wao mahakamani, na kesi yao inafuatiliwa mbali sana na Nairobi.

Ahadi nzuri ya mwanzo

Sama ilianzishwa mwaka wa 2008 na Leila Janah, kwa jina la Samasource. Neno hilo, sama, limetoka lugha ya Kisanskriti, maana yake ni sawa. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtu maskini hahitaji kupewa msaada, anahitaji kupewa kazi yenye mshahara. Kwa hiyo kampuni ilichukua vijana wa Nairobi na wa Uganda, ikawafundisha kompyuta, ikawapa kazi ndogondogo za intaneti zilizotumwa na kampuni za Marekani. Janah alifariki mwezi wa kwanza mwaka wa 2020, akiwa na miaka 37.

Kazi ya kuchuja video za Facebook ilikuwa ya namna nyingine. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alisafiri hadi Nairobi mwaka wa 2019 ili aifanye. Kufuatana na malalamiko yake, hakuelezwa waziwazi kabla ya kufika ni kazi ya namna gani iliyokuwa inamngojea. Video ya kwanza anayoikumbuka ni ya mtu anayekatwa kichwa.

Mwezi wa pili mwaka wa 2022, gazeti la Marekani TIME liliandika habari ndefu juu ya ofisi ile. Lilieleza kwamba wafanyakazi wengine walikuwa wanapata dola 1 na nusu tu kwa saa, na kwamba wakubwa walitaka kila video iamuliwe ndani ya sekunde 50 hivi. Wafanyakazi walisema pia kwamba msaada wa washauri wa afya ya akili ulikuwa mdogo, na kwamba muda wa kwenda kuwaona ulikuwa unabanwa ili kazi isisimame.

Sama ilikataa lawama hizo. Ilisema mishahara yake inapita mara kadhaa mshahara wa chini wa Kenya, na kwamba wafanyakazi walikuwa na bima ya afya na washauri. Lakini baada ya habari ile kutoka, iliwaongezea wachujaji mshahara.

Kosa la kutaka kuungana

Jambo lililowasha moto halikuwa mshahara peke yake. Katikati ya mwaka wa 2019, Motaung aliwakusanya wenzake zaidi ya mia moja. Waliandika madai yao na kuyapeleka kwa uongozi: mshahara bora, mazingira bora, heshima. Walifikiria pia kugoma. Wakubwa wawili walipanda ndege kutoka San Francisco kuja kuzima mambo hayo. Muda mfupi baadaye, Motaung alifukuzwa kazini.

Kampuni ilisema alifukuzwa kwa sababu alikuwa anawatisha na kuwalazimisha wenzake. Yeye anasema kosa lake lilikuwa kujaribu kuunda sendika. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda sendika, kujiunga nayo na kugoma. Mwezi wa tano mwaka wa 2022, Motaung alifungua mashtaka mjini Nairobi dhidi ya Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2023, Sama ilitangaza kwamba inaachana kabisa na kazi ya kuchuja. Zaidi ya watu 200 waliambiwa kwamba kazi yao inaisha. Kazi yenyewe ilipelekwa kwa kampuni nyingine, Majorel ya Luxembourg. Wachujaji waliotaka kuomba kazi huko wanadai kwamba walifungiwa mlango kwa sababu tu walitoka Sama. Kuanzia mwezi wa tatu, wachujaji walienda mahakamani, na hatimaye wakafika 184, wakisema kufukuzwa kwao hakukufuata sheria.

Mwezi huo wa kwanza watu walikuwa wamejua habari nyingine. Sama ilikuwa pia imefanya kazi kwa ajili ya OpenAI, kampuni ya ChatGPT. Wafanyakazi wa Nairobi walisoma maandishi ya unyama na ubakaji ili mashine ifundishwe kuyatambua. Kufuatana na TIME, mkataba ulionyesha kwamba OpenAI ilikuwa inalipa Sama dola 12 na senti 50 kwa saa, na mfanyakazi anabaki na kati ya dola 1 na senti 32 na dola 2. Sama ilijibu kwamba pesa hizo zililipa pia majengo, vifaa, wasimamizi na mafao ya wafanyakazi.

« Sisi hatukuwaajiri »

Mahakamani, Meta ilishika neno moja: haina makao wala haifanyi biashara Kenya, haikuandika mkataba na watu hao, basi korti ya Kenya haina uwezo juu yake. Hapo ndipo uzito wote wa kesi ulipo. Anayetoa kazi, anayeweka masharti na kasi ya kazi, ni mmoja. Anayetia sahihi kwenye mkataba ni mwingine. Mfanyakazi akilalamika, kila mmoja anamnyoshea mwenzake kidole.

Mwezi wa pili mwaka wa 2023, jaji wa mahakama ya kazi ya Nairobi alisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Mwezi wa sita, jaji mwingine, Byram Ongaya, alienda mbali zaidi: katika uamuzi wa muda, alisema Meta ndiyo mwajiri mkuu na Sama ni wakala tu, na akaagiza wafanyakazi wapewe matibabu ya akili. Pande zote zilijaribu kupatana nje ya korti, lakini mwezi wa kumi mazungumzo yalivunjika. Meta ilikata rufaa, na mwezi wa tisa mwaka wa 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa.

Mwisho wa mwaka huohuo, ripoti ya daktari iliwekwa mbele ya mahakama. Wachujaji zaidi ya 140 walipimwa na wakapatikana na ugonjwa wa akili unaowapata watu walioona vita au mauaji: usingizi unapotea, picha zinarudi, mtu anaogopa hata jirani. Mkurugenzi wa Sama, Wendy Gonzalez, alikuwa ameshakubali mbele ya BBC mwaka wa 2023 kwamba anajuta kuichukua kazi hiyo.

Sendika imezaliwa, kazi imehama

Tarehe 1 mwezi wa tano mwaka wa 2023, siku ya wafanyakazi, watu zaidi ya 150 waliofanya kazi kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda sendika yao. Jambo ambalo Motaung alishindwa kulifanya mwaka wa 2019, wenzake walilifanya miaka minne baadaye.

Lakini kazi haikungoja. Mwezi wa nne mwaka wa 2025, magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba uchujaji umepelekwa Accra, Ghana, na kwamba wafanyakazi wa huko wana malalamiko yaleyale. Nchini Kenya kwenyewe, kuna wanasiasa wanaotaka sheria ibadilishwe ili kampuni ya nje isishtakiwe kwa makosa ya kampuni iliyoipa kazi. Wanasema vijana wengi hawana ajira, na kesi kama hizi zinawafukuza wawekezaji.

Watu wa Kolwezi na Likasi hawahitaji kuelezwa mambo haya kwa muda mrefu. Mwaka wa 2021, shirika la RAID la Uingereza na wenzake wa Kongo, CAJJ, walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika migodi mikubwa ya kobalti waliyoichunguza walikuwa wameajiriwa kupitia kampuni za kati. Kofia ina jina la mgodi, karatasi ya mshahara ina jina lingine, na siku ya ajali hakuna anayejua mlango wa kugonga.

Kesi ya Nairobi bado haijafika mwisho. Wachujaji hawajalipwa, na wengi wao bado wanatafuta kazi. Lakini swali walilolibeba hadi mahakamani limeshapata jibu moja katika nchi moja ya Afrika: anayeamuru kazi hawezi kujificha nyuma ya karatasi ya mtu mwingine.