Bei haipigi shabaha: somo kutoka kwa bunduki za kuwindia

Wewe uliye Kayole, Umoja au Dandora, hebu niambie ukweli. Mara ngapi umesema utaanza kazi ukishapata mashine ya maana? Mimi nilipoacha chuo kwa kukosa karo, niliamua kupiga picha za harusi. Jamaa mmoja wa base akataka kuniuzia kamera ya mtumba, bei ya kutupa. Nikakataa. "Rahisi ni ghali," nikamwambia. Mwaka umeisha na bado nangoja ile kubwa.

Kilichonizindua ni bunduki. Tulia kwanza! Sizungumzii ile inayotufanya tufunge milango mapema mtaani. Nazungumzia zile za kuwindia, enzi ambapo matajiri wa ng'ambo walifikia Nairobi kabla ya kuingia porini.

Bunduki ya heshima wakati huo ilikuwa ya mitutu miwili kutoka London, mfano Holland & Holland. Ilikuwa ghali kwa sababu mafundi waliiunda kwa mkono, na mitutu yote miwili lazima ipige mahali pamoja. Fundi anafyatua, anarekebisha, anafyatua tena hadi ikubali. Ya kiwandani ina mtutu mmoja tu, hakuna wa kupatanishwa naye. Ndiyo maana bei yake iko chini, na bado hubeba risasi zaidi ya mbili. Sifa ya mitutu miwili ni kwamba risasi ya pili hutoka papo hapo, na mbele ya nyati hilo si jambo dogo.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja huku na aina zote mbili. Holland alipewa zawadi na watu wa Uingereza. Nyingine ilikuwa Winchester ya kiwandani, muundo wa 1895. Kwa simba, aliyoisifu kama dawa yao ni hiyo Winchester.

Halafu kuna Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda. Aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya mtutu mmoja ambayo wenzake waliona haitoshi. Siri yake? Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo uko wapi. Mwaka 1956 Winchester nao wakatoa risasi ya .458, na mwindaji wa kawaida akapata nguvu ya kuangusha ndovu bila kulipa bei ya London.

Usidhani nasifu mauaji hayo, manze. Kifaa rahisi kinachofanya kazi vizuri hakiulizi kazi yenyewe ni njema au mbovu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili wenye bunduki za kijeshi, nazo za kiwandani, waliendelea. Ndovu waliokuwa takriban 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi. Kwa hivyo ukiuliza thamani ya chombo, uliza pia kitatumika kufanya nini. Sisi wa Eastlands tumezika vijana wa kutosha kulijua hilo.

Lakini somo la Bell nalibeba, bila ndovu wake. Alijua kazi yake kuliko wenye bunduki ghali. Mimi sijui hata kupanga mwanga, na nimekuwa nikilaumu bei ya kamera.

Jumamosi naenda base kumuuliza yule jamaa kama bado anayo. Na wewe je, unangoja mashine gani?