Je, Wajua? Aliyenyimwa Pasipoti Akaimba kwa Simu

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti mwimbaji Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyewahi kujifunza Kiswahili jijini London. Alitakiwa aape kwa maandishi kwamba si mkomunisti. Akakataa katakata, na alikuwa na haki ya kukataa. Kumbi za nyumbani zikamfungia milango, televisheni ikamsusa.

Hata Kanada, ambako Mmarekani hakuhitaji pasipoti, alizuiwa mpakani. Basi tarehe 18 Mei 1952 alipanda nyuma ya lori lililoegeshwa upande wa Marekani, hatua chache tu kutoka mpakani, akaimba. Maelfu walimsikiliza, wengi wao wakiwa wamesimama upande wa pili.

Oktoba 1957 sauti yake nzito ilisafiri kwa waya wa simu chini ya Atlantiki, kutoka New York hadi Porthcawl, Wales. Huko wachimba makaa ya mawe walijaa ukumbini wakisikiliza spika, kisha nao wakamwimbia. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958, baada ya Mahakama ya Juu kuamua kwamba raia hawezi kunyimwa hati hiyo kwa sababu ya itikadi yake. Alikuwa na miaka 60.