Mwaka Mpya, Laini Mpya? Subiri Kidogo

Tunajua wengi wenu ndio mmerudi kutoka ushago, watoto wanatafutiwa sare, na ile pesa ya Desemba haijulikani ilienda wapi. Njaanuari ndio hiyo imefika. Kwa hivyo hatutakuletea orodha ya maazimio. Tunataka tuongee juu ya jambo moja tunaloliona kila mwanzo wa mwaka: watu wanaoanza upya kwa kutupa laini.

Sababu zao hatuzicheki. Kuna aliyeachana na mtu na hataki tena kuona jina lake likiwaka kwenye simu saa sita usiku. Kuna anayesumbuliwa na wadai. Kuna aliyehama, na kuna yule amechoka tu na mwaka uliopita. Kadi yenyewe ni kitu kidogo, unaivunja kwa vidole viwili, na kwa dakika moja mtu anajiskia mwepesi kabisa. Lakini hapo umevunja plastiki. Nambari bado imeandikishwa kwa kitambulisho chako, na akaunti yako ya pesa bado imefungamana nayo.

Hebu tuseme wewe ni mweka hazina wa chama. Miaka mitatu wanachama wamekuwa wakituma mchango kwa nambari yako. Tarehe 2 Januari unavunja laini. Tarehe 5, mama mmoja anatuma shilingi 1,000 zake za mwezi kama kawaida. Mtambo hauzikatai, kwa sababu akaunti haijafungwa. Jina linalotokea kabla ya kutuma ni lako, kwa hivyo anabonyeza bila wasiwasi. Pesa inaingia mahali ambapo wewe huioni. Akikupigia, uko mteja. Baada ya wiki mbili wanachama watano wana ujumbe wa kuonyesha walilipa, wewe huna kitu mkononi, na watu waliozikana pamoja wanaanza kuangaliana vibaya. Pesa kama hiyo inaweza kupatikana, ndiyo, lakini ni simu nyingi na karatasi nyingi. Ile heshima ya chama sisi hatuna kitufe cha kuirudisha.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Nambari ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuichukua na kuiuza tena. Anayeinunua si mwizi. Ameenda kibandani, akalipa, akapewa. Lakini kama benki yako bado inaijua nambari hiyo, ujumbe wa salio lako unaingia kwake. Ukisahau nywila ya barua pepe, nambari za kuthibitisha zinaingia kwake. Na maskini naye anaamshwa asubuhi na wadai wako, anaapa hakujui.

Tukiwa hapo kwa wadai, tuseme ukweli. Mkopo wa simu haukai kwenye laini. Umeandikwa kwa kitambulisho chako. Ukipotea, mkopeshaji anaweza kupeleka jina lako CRB, na hata ukishalipa, rekodi ya kuchelewa inaweza kubaki huko hadi miaka 5. Siku utakapoenda kuomba mkopo wa karo au wa pikipiki, afisa hataangalia laini unayotumia. Sheria inakuruhusu kupata ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka, na Januari ni wakati mzuri wa kuiomba. Ukikuta deni, mpigie mkopeshaji kabla hajakupigia, umwambie unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Si simu tamu kupiga, tunajua.

Na yule aliyeachana na mpenzi au mwenzi wake? Mara nyingi hahitaji laini mpya. Anahitaji PIN mpya. Tunaambiwa mara kwa mara, "Lakini sisi tulikuwa tunajuana PIN." Sawa, mlikuwa. Kuibadilisha ni dakika moja na hakuna malipo. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala wa mtoto, maana hiyo yeye anaijua pia. Nambari yake unaweza kuizuia. Na kama simu ilipotea au iliibwa, usinunue nambari nyingine. Badilisha kadi ukiwa na kitambulisho, nambari na salio vinabaki vilevile.

Kama bado umeamua kuhama laini, basi hama polepole. Kaa na zote mbili kwa miezi kadhaa, na ile ya zamani uitie kredo kidogo isife. Anza na benki, kwa sababu huko ndiko kuna foleni na mara nyingi watataka ufike mwenyewe. Kisha barua pepe, eCitizen, shule ya watoto. WhatsApp ina sehemu yake ya kubadilisha nambari kwenye mipangilio, hupotezi makundi yako. Watu wa chama waambie mkutanini, au wapigie wasikie sauti yako. Usiwatumie ujumbe peke yake. Ule ujumbe wa "nimebadilisha nambari, hii ndio mpya, nitumie kitu kidogo" ndio matapeli wanaupenda, na ukiupokea wewe, piga simu kwanza. Ukimaliza hayo yote, toa salio, kisha njoo na kitambulisho tufunge akaunti. Ukiwa na wasiwasi kwamba kuna laini nyingine zimeandikishwa kwa jina lako, piga *106# uangalie.

Kuna mwisho mwingine ambao hakuna aliyeuchagua. Krismasi hii kuna nyumba zilizokaa mezani na kiti kimoja kitupu, na simu ya mzazi ingali ndani ya kabati. Watoto wanajua PIN. Wanajua kuna pesa humo, na gharama za mazishi bado zinawauma. Tafadhali msizitoe. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, hata kama ni mtoto wake wa kumzaa, na ndugu wengi wamekosana kwa sababu ya shilingi elfu chache zilizotolewa usiku wa matanga. Njooni na cheti cha kifo na vitambulisho vyenu. Tutawaambia ni karatasi gani zinahitajika kulingana na kiasi kilichomo, iwe ni za mahakama au za Mdhamini wa Umma.

Wengine hawaji kuuliza pesa. Wanauliza kama nambari yenyewe inaweza kubaki, kwa sababu nyumba nzima inaijua kwa kichwa. Hilo ni la kampuni ya simu, si letu, lakini waulizeni mapema, wakati laini ingali hai. Na kama ni wewe umekuwa ukiitia kredo kila mwezi bila kumwambia mtu, endelea tu hadi karatasi zikamilike.