Anayejua Bei na Asiyejua

Gari kuukuu nchini mwetu huwa na bei mbili. Ya kwanza ni bei ya vyuma chakavu, ambayo hupimwa kwa kilo. Ya pili ni bei ya kumbukumbu, ambayo hupimwa kwa hamu ya mtu anayelijua gari lenyewe na historia yake. Baina ya bei hizo mbili pana pengo kubwa, na aghalabu pengo hilo hufunikwa kwa ukimya: anayejua hafumbui mdomo, na asiyejua hupokea kidogo alichopewa na kushukuru. Leo nakusudia kuujadili ukimya huo, maana ni suala la elimu kabla ya kuwa suala la biashara. Mfano nitakaoutumia ni wa gari moja nililolitafuta kwa takriban miezi minane baina ya Embu na Meru.

Gari hilo ni Datsun 1600 SSS. Vijana walio darasani leo huenda hawajawahi kuliona, kwa hiyo afadhali nilieleze. Ni gari dogo la milango minne, lenye umbo la pembe pembe, la ukoo wa Bluebird 510 ambao kampuni ya Nissan ya Japani iliuzindua mwaka 1967 na kuuuza ng'ambo kwa jina la Datsun. Herufi SSS zilifupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya gari bora la abiria lenye mwendo wa mashindano. Kwa nje lilifanana na gari la karani yeyote. Siri yake ilikuwa ndani: injini ya lita 1.6 iliyolishwa petroli na kabureta mbili badala ya moja, breki za diski mbele, na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja liliweza kupanda na kushuka bila kulivuta jingine. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyolifaa katika barabara zetu za mashimo.

Sifa hizo hazikuwa za matangazo matupu. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, madereva wakikata maelfu ya kilomita. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na mwenzake Hans Schüller, walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata walishinda tena kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, aliyeendesha 240Z, alimaliza akiwa na pointi sawa za adhabu na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha SSS kubwa zaidi ya lita 1.8, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuamua sare. Njia za mashindano hayo mara nyingi ziliuzunguka Mlima Kenya na kupita Embu na Meru, zama ambazo barabara ya mashariki ya mlima ilikuwa ya udongo mwekundu, ikiteremka na kupanda kila bonde la mto unaotoka mlimani. Wazee wa Runyenjes, Chuka na Nkubu wangali wanasimulia jinsi walivyokuwa wakisimama kando ya barabara hiyo usiku wa mvua, wakingoja taa za magari.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu asiagize gari kama hilo kutoka Japani, kama yanavyoagizwa maelfu ya magari mengine? Jawabu ni kwamba kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini iwapo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo ina manufaa yake, nami siipingi. Lakini matokeo yake ni kuwa magari ya aina hii yaliyomo nchini ndiyo hayo hayo. Kila moja linalokatwakatwa na kuuzwa kwa kilo halina badala.

Nilianza utafutaji wangu kwa mafundi, wala si kwa madalali. Dalali hujua gari linalouzwa. Fundi mzee hujua gari lililolala. Katika karakana za jua kali za mji wa Embu niliuliza swali moja tu: ni nani katika mtaa au kijiji chako aliyewahi kuwa na Datsun ya kabureta mbili? Majibu yalinipeleka mbali. Karibu na Runyenjes nilionyeshwa bodi tupu iliyokuwa imegeuzwa kiota cha kuku. Huko Chuka nilionyeshwa gari lililong'arishwa vizuri, lenye nembo ya SSS mbele na nyuma, nalo likinadiwa kwa bei ya kutisha. Nilipofunua boneti nikaona kabureta moja. Lilikuwa Datsun 1600 ya kawaida iliyovishwa nembo ya dada yake.

Hapa ndipo kazi ya mnunuzi inapofanana na kazi ya mwanafunzi wa historia. Haimfai kuuamini ushahidi mmoja. Rangi hudanganya, nembo hununuliwa, na kauli ya muuzaji huwa na maslahi ndani yake. Nilijifunza kuzisoma nambari za chasisi na za injini kwenye chuma chenyewe, kisha kuzilinganisha na zilizoandikwa katika kitabu cha usajili. Nilijifunza kuinua zulia la sakafu na kuchokoa chini yake kwa bisibisi, maana kutu huanzia pale maji yanapotuama, wala haianzii pale jicho linapotazama. Nilijifunza pia kuomba rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kabla ya kuzungumzia fedha, ili nijue mwenye gari ni nani kwa mujibu wa sheria.

Hatimaye fundi mmoja alinielekeza kwa mjane mmoja karibu na Nkubu. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, naye alilinunua gari lake katika miaka ya sabini. Lilikuwa bandani, limefunikwa kwa magunia ya kahawa, magurudumu yamekaa juu ya matofali. Kabureta zilikuwa mbili. Nambari zote zililingana. Lakini kilichonishangaza zaidi ni daftari la shule ambalo mama huyo alilitoa kabatini. Marehemu alikuwa ameandika humo, kwa mwandiko wa mwalimu, kila siku aliyobadilisha oili, kila plagi aliyonunua na bei yake, na kila safari ndefu aliyokwenda pamoja na kilomita zake. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa ndani ya daftari hilo. Kwa mtu anayejua magari adimu, maandishi ya namna hiyo yana thamani kuliko rangi mpya, kwa sababu rangi inaweza kupakwa kesho ilhali historia haiwezi kubuniwa kesho.

"Mwalimu, na mkebe huu utakufaa nini?" mama aliniuliza. Akaniarifu kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameahidi kumpa shilingi elfu thelathini na tano, na kwamba mimi, maadamu nilikuwa mwalimu kama mumewe, angeniachia kwa elfu hamsini.

Nilijua kwamba watu wanaokusanya magari ya kale wangelipa mara kadhaa ya kiasi hicho. Kuna tamasha la kila mwaka la magari mazuri katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, jijini Nairobi. Na tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya kale yanayopita njia za Safari ya zamani. Wenye kuhudhuria huko hawaiti gari kama hilo mkebe. Mama hakuyajua hayo. Mimi niliyajua. Wala hakuwa amenidanganya katika jambo lolote. Alikuwa amenifungulia banda, amenipa chai, na amenionyesha mwandiko wa mumewe.

Wapo watakaosema kwamba biashara ni biashara. Watadai kwamba mimi nilitoka jasho miezi minane kutafuta, kwamba maarifa yangu ni mtaji wangu, na kwamba mtu mzima aliyetaja bei yake mwenyewe hajadhulumiwa. Hoja hiyo haina upuuzi. Mfanyabiashara anayenunua kahawa kwa bei nafuu na kuiuza kwa bei ghali hupata faida kwa kujua soko, nasi hatumwiti mwizi. Hali kadhalika, kanuni kongwe ya soko humtaka mnunuzi ajihadhari, wala haimtaki amfundishe muuzaji.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau jambo moja. Jasho la kutafuta hulipwa kwa kupata. Nilitafuta gari, nami nikaliona. Huo ndio ujira wa miezi minane. Tofauti ya bei ilikuwa mali ya mama huyo, na kilichomzuia kuipata ni kutojua tu. Kule kutojua kwake hakukuwa uvivu. Aliishi mbali na mahali ambapo bei hizo hutajwa. Nasi wakazi wa sehemu hizi tunaijua dhuluma ya aina hiyo kuliko wengi. Mkulima wetu wa kahawa amelalamika kwa miongo mingi kwamba anauza buni yake bila kujua inanunuliwa kwa kiasi gani ng'ambo. Tukiilaani dhuluma hiyo tunapokuwa wauzaji, tutaitetea vipi tunapokuwa wanunuzi?

Nilimwambia ukweli. Nilimweleza gari lake ni la aina gani, lilishinda nini, na takriban wenye fedha wangetoa kiasi gani. Nilimshauri amwite mwanawe aliyeko Nairobi, naye aulize mwenyewe kwa watu wasionijua. Aliuliza. Bei tuliyokubaliana mwishowe ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza, nami niliilipa kwa mafungu matatu. Nyumbani niliulizwa kama nilikuwa nimekwenda kununua gari au kulinadi.

Bado palikuwa na kizuizi kingine, ambacho wanunuzi wengi hukiruka kwa hasara yao. Gari lilikuwa lingali katika jina la marehemu. Sheria ya Urithi ya Kenya, katika kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kuuza au kuitwaa mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Mjane, hata awe ameishi na mali hiyo miaka hamsini, sharti apate kwanza hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Tulingoja. Katika kungoja huko watoto wote wa marehemu walipata nafasi ya kusema, na hakuna aliyebaki na kinyongo. Baada ya hapo ndipo umiliki ulipohamishwa kwa njia rasmi, katika mtandao wa serikali wa eCitizen.

Nililisafirisha gari hadi Embu juu ya lori. Jirani zangu walicheka kwamba gari la mbio limebebwa kama gunia. Lakini barabara hiyo inapita daraja la Nithi, ambako mwezi Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Gari lililolala bandani miaka mingi lina mipira ya breki iliyokauka na mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu. Breki kama hizo zinaweza kushika uani na kukataa mteremkoni. Uadimu wa gari si kinga ya abiria wake, wala ya watu walio kando ya barabara.

Kwa walimu wenzangu nina neno moja. Daftari la yule marehemu lilimwongezea mjane wake fedha ambazo pensheni haikumpa. Hakuandika kwa nia hiyo. Aliandika kwa sababu alizoea kuandika. Tuwazoeze wanafunzi wetu kuweka rekodi za vitu walivyo navyo, viwe gari, cherehani, redio au shamba, maana kitu chenye maandishi hakinunuliwi kwa kilo.

Na wewe mwanafunzi, utakaporudi nyumbani likizoni, huenda ukamkuta babu au bibi yako akipatana bei na mgeni juu ya kitu cha kale kilichoko bandani. Usikae kimya kwa kudhani kwamba mazungumzo hayo ni ya wakubwa. Omba siku mbili. Soma nambari, tafuta jina, uliza bei katika mahali patatu tofauti, kisha mweleze mzee wako ulichokipata. Akiamua kuuza kwa bei ile ile ya kwanza, itakuwa hiari yake; lakini atakuwa ameuza akijua.