Kutu Inayolisha Bahari

Tarehe 16 Januari 1832, merikebu ya Beagle ilikuwa inakaribia bandari ya Praia katika visiwa vya Cape Verde. Hewa ilikuwa na utusitusi, kama ukungu, ila ukungu usio na unyevu. Juu ya mlingoti kulikuwa na kielekezi cha upepo kilichoshonwa kwa kitambaa chepesi, chenye matundu kama chandarua. Usiku kucha kitambaa kile kiliuchuja upepo, na asubuhi kikakutwa na vumbi la rangi ya udongo. Charles Darwin, wakati huo kijana wa miaka 22, alilihifadhi kama mtu anayehifadhi ugoro. Baadaye vipakiti vitano vya vumbi la namna hiyo vilimfikia Ehrenberg, bingwa wa hadubini huko Ujerumani, naye akahesabu humo mabaki ya aina 67 za viumbe na mimea. Viumbe karibu wote walikuwa wa maji baridi; wa bahari walikuwa aina mbili tu.

Viumbe wa ziwani wanafanya nini mamia ya kilomita baharini?

Jibu liko Sahara, kwenye maziwa yaliyokauka. Linalojulikana zaidi ni bonde la Bodélé, kaskazini mwa Chad, kati ya milima ya Tibesti na nyanda za juu za Ennedi. Miaka elfu kadhaa iliyopita Ziwa Chad lilienea hadi huko, likiwa kubwa mara tano hivi kuliko Ziwa Victoria la leo. Ndani yake ziliishi diatomu, mimea ya seli moja yenye magamba ya silika, yaani kioo hasa. Zilikufa, zikazama, tabaka juu ya tabaka. Ziwa lilipokauka lilibakiza sakafu nyeupe, laini na nyepesi kama unga wa sembe. Upepo wa kaskazini mashariki unapobanwa kati ya milima ile hushika kasi, kama unavyofanya kwenye kichochoro baina ya nyumba mbili, na kuichota sakafu hiyo.

Vipimo vya satelaiti vya mwaka 2007 hadi 2013 vilionyesha kwamba kila mwaka, kwa wastani, tani milioni 182 za vumbi huvuka ukingo wa magharibi wa Sahara. Karibu tani milioni 28 huangukia msitu wa Amazon, na kisa hicho kimesimuliwa sana. Sehemu kubwa zaidi huishia majini, nayo haizungumzwi sana, pengine kwa sababu msitu hupigwa picha vizuri kuliko maji.

Majini humo huishi fitoplanktoni, mimea isiyoonekana kwa macho ambayo hufanya karibu nusu ya usanidinuru wote wa dunia. Inahitaji mwanga, kaboni, naitrojeni, fosforasi, na chuma kidogo mno: kwa kila atomu 100,000 za kaboni, atomu moja hivi ya chuma. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Hakuna anayeshiba chumvi, lakini ikikosekana chungu kizima hakiliki.

Tatizo ni kwamba chuma na bahari hawapatani. Ardhi imejaa chuma, ndiyo maana udongo wa sehemu nyingi ni mwekundu. Kikiingia kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni, hugeuka kutu na kuzama. Mbali na pwani, maji ya juu yanaweza kuwa na gramu moja tu ya chuma iliyoyeyuka katika lita milioni 180, yaani mabwawa 70 hivi ya kuogelea ya Olimpiki.

Kwa miaka mingi uhaba huo haukuonekana, kwa sababu ya kuchekesha kidogo: waliokuwa wakipima chuma walikuwa wamepanda meli za chuma. Nyaya za chuma, winchi zenye kutu, chupa chafu. Kila sampuli ilichafuliwa kabla haijafika mezani. John Martin, wa maabara ya bahari ya Moss Landing huko California, alishikilia usafi kama daktari wa upasuaji. Alisafisha chupa za plastiki kwa asidi na kuepuka metali kila alipoweza. Namba zake zikaporomoka hadi karibu na sifuri. Hapo fumbo la zamani likapata maelezo. Bahari ya Kusini inayozunguka Antaktika, Pasifiki ya ikweta na Pasifiki ya kaskazini zina naitrati tele, yaani naitrojeni iliyo tayari kuliwa na mimea, lakini fitoplanktoni ni haba. Martin na wenzake walipotia chuma kidogo kwenye chupa za maji hayo, mimea ilistawi.

Mwaka 1988 alitania mbele ya wenzake kwamba akipewa nusu meli ya chuma atawarudishia enzi ya barafu, kwa kuwa mimea inayostawi hunyonya kaboni ya hewani. Alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya jaribio la kwanza la kumwaga chuma baharini, karibu na visiwa vya Galápagos. Katika jaribio la pili, mwaka 1995, klorofili ilipanda zaidi ya mara 20.

Ila chuma cha majaribio kilikuwa tayari kimeyeyushwa, na vumbi haliji hivyo. Chuma chake kimefungwa ndani ya madini, na mara nyingi ni asilimia chache tu inayoyeyuka. Safari husaidia: chembe nzito huanguka njiani, zile laini hubaki angani siku nyingi, zikiloweshwa na unyevu wenye asidi inayotokana na volkano na moshi wa viwanda. Kwa hiyo kiganja cha vumbi lililosafiri mbali kinaweza kuwa na manufaa kuliko toroli la mchanga lililoangukia pwani. Picha za satelaiti zenye mawingu ya kahawia juu ya Atlantiki zinavutia, lakini mimi huzitazama kwa tahadhari: zinaonyesha mzigo, hazionyeshi kilichoyeyuka.

Kuna kiumbe kisichosubiri kuyeyushiwa. Trichodesmium ni bakteria wa buluu-kijani anayeishi katika mafundo ya nyuzi, na wakiwa wengi mabaharia huona kama maranda ya mbao yakielea. Chembe ya vumbi ikitua kwenye fundo, nyuzi huisukuma taratibu hadi katikati, na huko huibanduabandua mpaka chuma kitoke. Akishapata chuma hunasa naitrojeni ya hewa na kuigeuza mbolea, ambayo baadaye huwafikia majirani. Si majirani wote wema. Katika Ghuba ya Mexico, vumbi la Sahara limehusishwa na mlolongo huo unaoishia kwenye mawimbi mekundu ya Florida, yenye sumu inayoua samaki.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba vumbi huchangia asilimia 4.5 ya kaboni ambayo fitoplanktoni huipeleka kilindini kila mwaka. Katika baadhi ya maeneo ni asilimia 20 hadi 40. Tofauti hizo hazinishangazi. Mvua moja haimfaidi kwa usawa mwenye shamba kavu na mwenye kinamasi.

Kwetu upande huu, Bahari ya Arabu hupokea vumbi jingi kutoka Uarabuni na Pembe ya Afrika wakati wa kusi. Lakini kusi hiyohiyo huyasukuma nje maji ya juu ya Somalia na Oman, na maji baridi yenye mbolea yakapanda kutoka chini. Watafiti walikuta naitrati ikisalia bila kuliwa kwenye maji ya Oman mwishoni mwa msimu, wakashuku kwamba chuma ndicho kilichopungua. Katika bahari yenye vumbi kiasi hicho!

Wapo waliotaka kufanya kazi ya upepo kwa mikono yao, ili kaboni ya hewani izamishwe. Barafu ya kale iliyochimbwa Vostok, Antaktika, iliwatia moyo: ilionyesha kwamba enzi za baridi kali zilikuwa na vumbi zaidi na kaboni dioksidi pungufu. Mwaka 2009 wanasayansi wa India na Ujerumani walimwaga chuma katika Bahari ya Kusini, kwenye jaribio lililoitwa LOHAFEX. Mimea iliota, kisha wadudu wa maji walio kama uduvi wakaila, na kaboni iliyozama ikawa kidogo. Diatomu, ambazo kwa magamba yao huzama vizuri, hazikuweza kuongezeka. Chuma kilikuwepo, kilichokosekana majini ni silika, ileile ya kutengenezea magamba yanayopeperuka Bodélé.