Ndoana Milimani: Miji ya Mlima Kenya na Rekodi Zake

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, mzee wa bandarini aliyebakiza miezi michache astaafu, alinipigia simu akitaka nimtafutie mji mdogo wa bara. Masharti yake yalikuwa mawili: awe na pa kuwinda na pa kuvua. Nikamwambia sharti la kwanza alifute kabla hajamaliza salio la simu. Kenya ilifunga uwindaji mwezi Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza fundo. Tanzania nayo iliwahi kufunga, mwaka 1973, lakini ikafungua tena 1978. Sisi hatukufungua. Atakayehamia Nyeri na bunduki akidhani atapata leseni ya nyati atapata pingu.

Ila nilimwahidi orodha ya sharti la pili. Katika kuitengeneza niligundua kwamba miji hii ya mlimani haielezeki vizuri kwa bei ya viwanja wala umbali wa hospitali. Inaelezeka kwa rekodi: nani alikuwa wa kwanza, kipi kirefu, kipi cha juu, kipi cha mwisho. Wengi waliozivunja walikuwa wageni waliokuja na kuondoka. Hilo lenyewe ni jambo la kufikiriwa na mtu anayetaka kuja na kubaki.

Mizoga mingi kuliko yote

Tulimalize la bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika Nyeri akapanda kwenye msitu wa Mlima Kenya kutafuta ndovu, na akampata. Safari yake yote ya Afrika, akiwa na mwanawe Kermit, ilihesabiwa kwa daftari: wanyama 296 wa baba, 216 wa mwana, jumla 512. Wengi walipelekwa kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani, na wapo hadi leo wakitazamwa kupitia kioo.

Nami huona tabu kusimulia hesabu hiyo bila kukumbuka kwamba ndani ya misitu hiyohiyo, miaka 40 na kitu baadaye, walikaa watu waliotega swala na kulina asali bila daftari lolote. Wapiganaji wa Mau Mau walioishi Nyandarua na mlimani waliijua njia ya kila mnyama. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa pembezoni mwa msitu wa Nyandarua Oktoba 1956. Kama kuna rekodi ya mtego, ni yao, ila hakuna aliyeiandika.

Mwindaji aliyehama kutoka mbali

Huyu ndiye anayelingana kabisa na rafiki yangu. Jim Corbett alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875. Alijipatia jina kwa kuwaua chui na simba-milia waliokula watu. Yule jike wa Champawat, aliyempiga risasi mwaka 1907, alidaiwa kuua watu 436, na ni vigumu kumpata mnyama mwingine mmoja aliyeandikiwa idadi kama hiyo. Mwaka 1947 India ilipopata uhuru, Corbett, mwenye umri wa miaka 72, alifunga mizigo na dada yake Maggie. Angeweza kwenda kokote. Alichagua Nyeri.

Walikaa katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, uani mwa hoteli ya Outspan. Nyumba hiyo ilikuwa imejengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Baden-Powell, mwasisi wa maskauti, ambaye naye alikuja kumalizia uzee hapo na kufariki Januari 1941. Wazee wawili mashuhuri, nyumba moja, na leo wote wawili wamezikwa katika uwanja mmoja wa kanisa la Mtakatifu Petro, mjini humohumo. Corbett alifariki Aprili 1955.

La kushangaza ni kwamba kufikia Nyeri, Corbett alikuwa amekwisha kuipendelea kamera kuliko bunduki. Usiku wa Februari 5, 1952 alikuwa juu ya mti pale kwenye hoteli ya Treetops, akimlinda mgeni mmoja mwanamke kijana asije akashtuliwa na chui ngazini. Mgeni huyo alilala binti mfalme. Baba yake alifia Sandringham usiku huo, na alipoamka alikuwa Malkia Elizabeth, ingawa habari hazikumfikia mpaka alipokuwa amerudi kwenye nyumba yake ya Sagana mchana wake. Treetops yenyewe ilichomwa na wapiganaji mwaka 1954, ikajengwa upya.

Mto wenye mbio

Ukitoka Nyeri kwenda Othaya utavuka Gura. Inasemwa ndio mto wenye kasi kuliko mito yote ya Kenya, na wenyeji wakizidisha chumvi husema Afrika nzima. Sijapata kumwona aliyesimama nao na saa mkononi. Lakini usimame darajani siku ya mvua usikilize mawe yakigongana chini ya maji, utaacha kubishana.

Gura inashikilia rekodi nyingine ambayo haina ubishi mwingi. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandikizwa katika mto huu. Kabla ya hapo mito ya baridi ya Nyandarua haikuwa na trauti hata mmoja. Fikiria mayai ya samaki kuvuka bahari, kupanda treni, kisha kupandishwa milimani kwa miguu yakiwa bado baridi. Grogan ni yuleyule aliyejisifu kutembea kutoka Cape hadi Cairo, na ni yuleyule aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Mvuvi anayemvua trauti wa Gura anavuta mshipi wenye historia hiyo pia.

Huko juu yanakoanzia maji hayo ndiko iliko Karuru, maporomoko marefu kuliko yote nchini: mita 273 kwa hatua tatu. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, ndiyo Nyandarua hiyohiyo, kwa hiyo kuna kiingilio, na kuna ua wa umeme wa karibu kilomita 400 uliomalizika mwaka 2009 baada ya miaka 20 ya kujengwa. Ua huo huwazuia ndovu wasishuke mashambani. Kwa anayenunua shamba jirani na msitu, upande gani wa ua unaponunua ni swali kubwa kuliko bei.

Mji mkongwe, na samaki wasioliwa

Sasa nyumbani. Murang'a ndio mkongwe wa orodha hii. Ngome ya Waingereza ilianza hapa mwaka 1900, ikaitwa Fort Hall kwa jina la Francis Hall, ambaye alifariki mwaka uliofuata. Nyeri ilifuata Desemba 1902. Bila shaka mwenyeji yeyote atakukatiza akuambie kwamba ukongwe wa Murang'a hauanzi na ngome, unaanza na Mũkũrwe wa Nyagathanga, pale ambapo Gĩkũyũ na Mũmbi waliwekwa na Mungu. Namuunga mkono.

Rekodi ya Murang'a kwa mvuvi ni mteremko. Mji uko kwenye mita 1,250 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna joto, maembe yanakubali. Panda barabara ya Kangema mpaka Kanyenyaini, utaingia kwenye majani chai, ukungu na koti zito, na mito ya Mathioya ikiwa bado michanga na baridi kama chuma. Trauti huanza kuhema maji yakizidi nyuzi 20 hivi. Tilapia na kambare, kinyume chake, hudumaa penye baridi. Ni miji michache sana ambamo mtu anaweza kutafuta trauti asubuhi na kambare jioni, na kulala kitandani kwake. Kusini, Gatanga, kuna bwawa la Ndakaini, ukuta wa mita 65, maji ya mita za ujazo milioni 70, lililokamilika 1994. Karibu yote hunywewa Nairobi. Juu yake limeongezwa handaki la karibu kilomita 12 linalokusanya maji ya mito ya Murang'a, na ukitaka kuanzisha mjadala mkali katika hoteli yoyote ya hapa, litaje.

Lakini kuna jambo ambalo mtu wa Pwani lazima aambiwe mapema. Wazee wetu hawakula samaki. Wala nyama ya porini. Samaki alikuwa jamaa ya nyoka, na mto ulikuwa na mwenyewe: Mũkũnga-mbura, zimwi la majini ambalo ndilo upinde wa mvua. Kisha wazungu wakaja wakaleta trauti mwenye mkanda wa rangi ubavuni, anayeitwa kwa jina la huo upinde. Kama ningekuwa mzee wa wakati huo ningesema, si tuliwaambia?

Serikali ilijaribu kutubadilisha matumbo kwa mara moja. Mwaka 2009 ulianza mpango wa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi yaliyoteuliwa, kila kidimbwi mita za mraba 300. Piga hesabu: 28,000. Sijui mradi mwingine wa samaki uliochimba mashimo mengi hivyo nchini kwa muda mfupi hivyo. Nyeri ilijengewa hata kiwanda kidogo cha samaki, Wamagana. Vidimbwi vingine bado vina maji. Vingine nimeviona vimepandwa nduma, na nduma zake nzuri kweli.

Vituo vya vifaranga

Vidimbwi hivyo havikuanzia hewani. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilifungua vituo viwili kwa mpigo: Sagana kwa samaki wa maji ya joto, Kiganjo kwa trauti. Vyote viwili ndivyo chanzo cha ufugaji wa samaki vijijini Kenya. Mji wa Sagana, pale reli na barabara kuu zinapokutana na mto mpakani mwa Murang'a na Kirinyaga, umejaa mashua za mpira na vijana wanaowavusha wageni kwenye mawimbi. Wanaokaanga tilapia hawako mbali.

Onyo kwa wasafiri: Ikulu ndogo ya Sagana haiko Sagana mjini. Iko juu, kando ya mto uleule, karibu na Kiganjo. Ndiyo nyumba ambayo koloni lilimzawadia Elizabeth alipoolewa, na ambamo aliambiwa habari za baba yake. Kenya ilipopata uhuru ilirudishwa.

Trauti wa juu kabisa

Miaka 58 baada ya Elizabeth, mjukuu wake alikuja mlima huohuo kwa samaki haohao. Oktoba 2010 Prince William alimpeleka Kate Middleton kwenye vibanda vya magogo vya Rutundu, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, kwenye mita 3,100 hivi, na huko akamvisha pete. Juu zaidi liko Ziwa Alice, na upande wa Chogoria Ziwa Ellis. Yote yalipandikizwa trauti, na mvuvi hufika huko akipumua kwa shida kuliko samaki. Njia ya kwenda huko hupitia Timau au Chogoria, si Nyeri. Kate aliandika katika kitabu cha wageni kwamba samaki hawakupatikana, ila walifurahi kujaribu.

Ghali, na cha mwisho

Nanyuki nitaipitia haraka, maana mzee wa bandarini hataimudu. Ikweta inapita hapo. William Holden, mwigizaji wa Hollywood aliyependa kuwinda, alishirikiana na wenzake kufungua klabu ya Mount Kenya Safari Club mwaka 1959, na tangu wakati huo bei za hapo hazijapata kushuka kwa ajili ya mtu kama rafiki yangu au mimi. Ila hifadhi ya Ol Pejeta, mlangoni mwa mji, ndiko waliko Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini, mama na binti. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa hapo Machi 2018. Walinzi wenye bunduki huwazunguka usiku na mchana. Bunduki pekee inayoruhusiwa karibu na wanyama hapa ndiyo hiyo.

Nilimsomea rafiki yangu orodha yote kwa simu. Nilimshauri Kiganjo kama anataka trauti tu, ila akate leseni na atumie nzi bandia kwenye ndoana, si nyungunyungu, maana mito ya trauti ina desturi zake. Nikamshauri Murang'a kama anataka jua kidogo kwa ajili ya magoti. Alinyamaza, kisha akauliza kama majirani watakula samaki akivua wengi. Nikamwambia watoto wao watakula. Wazee watamshukuru, na samaki wampe paka.

Akacheka, akasema basi Murang'a. Anakuja Agosti kuangalia kiwanja, na nimemwonya kwamba Agosti huku ni baridi hata mjini.